Jinsi ya kuchora upya kibao cha namba ya barabara kuu: kipendeze, na kisomeke kwa mbali

Kila anayeanza kuchora upya vibao vya namba za barabara huuliza yale yale. Fonti gani? Ngao au duara? Rangi ngapi zinatosha? Na lile linaloumiza zaidi: mbona kazi yangu inapendeza kwenye skrini, lakini nikiibandika juu ya picha ya barabara inageuka doa? Badala ya kuyajibu moja moja kila siku, nimeyapanga hapa kwa mfuatano wa kazi yenyewe.

Ninachozungumzia ni kile kibao kidogo kinachobeba namba peke yake, kama 66 au 95 ndani ya ngao, si bango kubwa la majina ya miji. Mifano mingi nimeitoa Marekani kwa sababu huko kila jimbo lina kibao chake, kwa hiyo mazuri na mabaya yote yameshajaribiwa hadharani.

Kabla hujafungua programu yoyote, elewa kwamba dereva anatafuta namba. Umbo, rangi na nakshi vipo ili kumsaidia aione namba hiyo mapema na ajue ni ya mfumo upi. Ukikwama mahali popote katika mwongozo huu, jiulize kama unachotaka kuongeza kinaikuza namba au kinaibana. Mara tisa kati ya kumi utakifuta.

Unachohitaji

- Programu ya kuchora kwa vekta, yaani kwa mistari inayokuzwa bila kuharibika. Inkscape ni ya bure na inatosha kabisa. Usichore kibao kwa programu ya kuhariri picha za pikseli. Utakapotaka kukikuza au kubadilisha namba utaanza upya.
- Fonti ya barabara. Overpass ni ya bure na imechorwa kwa kufuata fonti za barabara za Marekani.
- Mwongozo rasmi wa vibao wa nchi unayoishughulikia. Wa Marekani unaitwa kwa kifupi MUTCD na unapakuliwa bure. Usome japo sura ya vibao vya namba.
- Picha nne za barabara halisi: moja ya mchana yenye anga nyeupe nyuma, moja yenye miti, moja ya usiku chini ya taa za barabarani, na moja ya usiku yenye mwanga wa gari tu.
- Printa, rula, na futi ya kupimia.
- Mtu mmoja ambaye hajauona mchoro wako. Huyu usimwonyeshe chochote hadi hatua ya mwisho.

Onyo moja kabla ya kuanza: mchoro wako ubaki karatasini au kwenye skrini. Kutundika kibao chako barabarani ni kosa la kisheria na ni hatari. Watu watakutajia msanii Richard Ankrom, ambaye mwaka 2001 alipanda juu ya barabara ya 110 mjini Los Angeles na kubandika ngao ya Interstate 5 (Interstate ni mfumo wa barabara kuu zinazounganisha majimbo) aliyoitengeneza mwenyewe, nayo ikakaa miezi kadhaa bila kugunduliwa kuwa si ya serikali. Kweli alifanya hivyo. Ila ilikaa kwa sababu alifuata vipimo na rangi rasmi kwa ukamilifu, hadi akaipulizia rangi ya kijivu kidogo ionekane imezeeka kama majirani zake. Usahihi huo wa vipimo ndio wa kuiga. Kupanda juu ya barabara muachie yeye.

Hatua ya 1: Kikague kibao kilichopo, kisha punguza

Weka kibao cha sasa mbele yako na uorodheshe kila kilichomo: ukingo, mstari, jina la jimbo, neno, nembo, namba. Mbele ya kila kimoja andika dereva anakitumia kwa lipi. Ukikosa jibu, kifute.

Tazama ngao ya barabara za US, mfumo wa kitaifa uliotangulia Interstate, zilizoanza kupewa namba mwaka 1926. Mwanzoni ilikuwa na jina la jimbo juu, mstari chini yake, herufi U S, kisha namba imebanwa katika nafasi iliyobaki. Kufikia miaka ya 1960 vyote hivyo viliondolewa kwenye muundo wa kawaida, namba ikajaza ngao. Umbo la ngao lilibaki lile lile na hakuna aliyepotea njia. Hata katika ngao ya Interstate, iliyoanza mwaka 1957, jina la jimbo ni la hiari, na majimbo mengi yamelitoa ili tarakimu zipate nafasi.

Kosa la kawaida: kuanza kwa kuongeza. Mchoraji mpya huleta mlima, jua, mto na nyota ya bendera, kisha anatafuta pa kuiweka namba.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya urefu wa tarakimu

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayotenganisha mchoro wa kupamba ukuta na kibao cha barabarani. MUTCD ya mwaka 2009 iliweka kipimo cha inchi 1 ya urefu wa herufi kwa kila futi 30 za umbali wa kusomea. Kwa mita, kila sentimita 1 ya urefu inakupa karibu mita 3.6. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa linakata karibu mita 28 kila sekunde. Kwa hiyo:

- Tarakimu za sentimita 20 husomeka kuanzia mita 72, yaani sekunde 2.6 kabla ya kukifikia kibao.
- Za sentimita 25: mita 90, sekunde 3.2.
- Za sentimita 30: mita 108, sekunde 3.9.

Katika sekunde hizo dereva anaangalia pia kioo, lori la mbele na watoto wanaogombana kiti cha nyuma. Kibao cha kawaida cha Marekani cha tarakimu moja au mbili ni inchi 24 kwa 24, karibu sentimita 61 kila upande. Mimi hulenga tarakimu zichukue nusu ya urefu wa kibao. Zikishuka chini ya theluthi moja, muundo haufai, hata kama unapendeza namna gani.

Andika urefu uliouchagua pembeni ya ukurasa kwa herufi kubwa. Usiushushe baadaye kwa sababu nakshi haikutoshea.

Hatua ya 3: Andaa namba za majaribio

Usichore kibao kizima kwa kutumia namba 7 au 10. Chagua namba zinazosumbua: 1, 11, 44, 68, 88, 101, 444 na 688. Namba 1 hukuonyesha upweke wa tarakimu nyembamba katikati ya kibao. 11 huonyesha nafasi kati ya mistari miwili iliyosimama. 44 na 444 ndizo pana, maana katika fonti za barabara za Marekani 4 ndiyo tarakimu inayokula nafasi zaidi. 68 na 688 hupima kama matundu ya tarakimu yanabaki wazi.

Fungua kurasa nane, moja kwa kila namba, na kila badiliko ulitie kwenye zote nane. Inachosha, lakini muundo uliokubali 10 ukakataa 444 utakurudisha mwanzo.

Hatua ya 4: Chagua umbo la nje

Umbo ndilo linaloonekana kwanza. Kabla tarakimu hazijasomeka, dereva ameshaona kuwa kile ni ngao, au duara, na ameshajua mfumo wa barabara. Kwa hiyo umbo lina kazi mbili zinazovutana: litofautiane na maumbo ya mifumo mingine, na liachie namba nafasi.

Ya pili inapimika kwa hesabu nyepesi. Chukua kibao cha sentimita 61 na tarakimu za sentimita 30, bila kuondoa ukingo wowote:

- Mraba unakuachia upana wa sentimita 61 zote.
- Duara linakuachia karibu sentimita 53.
- Mraba uliosimama kwa pembe, ule wa almasi, unakuachia sentimita 31 tu, kwa sababu ndani yake upana na urefu wa namba vikijumlishwa haviwezi kuzidi ulalo wa umbo.

Tarakimu mbili za unene wa kawaida zenye urefu wa sentimita 30 zinahitaji sentimita 40 na ushei. Sasa unajua kwa nini namba katika almasi ya kibao cha jimbo la North Carolina lazima ziwe ndogo, na kwa nini duara jeupe juu ya mraba mweusi, ambalo ndilo umbo la kawaida kwa jimbo la Marekani lisilo na lake, limedumu. Watu hulisema kuwa halina ladha. Ni kweli, halina, lakini linasomeka.

Ukitaka umbo lenye asili ya mahali, angalia liliko tumbo lake. Pennsylvania inatumia jiwe la kilele cha tao, pana juu na limebanwa pembeni, na namba inakaa humo bila taabu. Utah ina mzinga wa nyuki, wenye tumbo pana la kutosha. Washington inatumia kichwa cha George Washington kwa upande, cheupe juu ya mweusi. Kinapendeza na kinajulikana mara moja, lakini pua, kidevu na nywele vyote vinakula pembe ambazo tarakimu zingezitaka. Kansas ina ua la alizeti, na petali zote ziko nje ya eneo la namba, kwa hiyo kinachobaki kwa namba ni duara la katikati. Ramani ya jimbo inafaa pale tu nchi yenyewe ilipokaa kama kipande kinene. Georgia na Missouri zimebahatika hapo.

Mwisho, usiazime umbo lenye maana nyingine. Pembe nane ni simama. Pembetatu iliyogeuzwa chini ni toa njia. Almasi ya manjano ni hadhari katika nchi nyingi. Usiichezee hata kwa rangi tofauti, maana usiku rangi huondoka na umbo hubaki.

Hatua ya 5: Weka namba

Hapa kaa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote.

Anza na fonti. Fonti za barabara za Marekani zimepangwa kwa upana, kutoka B iliyo nyembamba hadi F iliyo pana. Anza na D kwa tarakimu moja na mbili. Ikibana, shuka hadi C. Usiivute fonti kwa kipanya ili iwe nyembamba, hata kidogo. Ukiivuta, mistari iliyosimama inakonda huku iliyolala inabaki minene, na namba inaonekana mgonjwa. Jicho lisilo na mafunzo haliwezi kusema kasoro ni nini, lakini linaiona.

Unene wa mstari uwe kati ya moja ya saba na moja ya tano ya urefu wa tarakimu. Chini ya hapo mstari unapotea kwa mbali. Juu ya hapo matundu yanajifunga.

Sasa kuza 68 hadi ijaze skrini na uzitazame tarakimu hizo mbili kwa karibu. Tofauti yake yote iko mahali pamoja: upande wa kulia juu, ambapo 6 ina mwanya na 8 imefunga. Mwanya huo ukiwa mdogo kuliko unene wa mstari, kwa mbali utajaa na dereva atasoma 88. Hali kadhalika 3 dhidi ya 8, na 5 dhidi ya 6. Kanuni yangu: hakuna tundu wala mwanya ulio mwembamba kuliko mstari unaouzunguka. Fonti ikishindwa mtihani huo, chagua nyingine kabla hujaanza kuihariri kwa mkono.

Nafasi kati ya tarakimu ipime kwa jicho, si kwa rula. Mistari miwili iliyosimama, kama katika 11, inahitaji nafasi ya unene wa mstari mmoja na nusu hivi. Tarakimu zenye miinamo, kama 74, zisogeze karibu zaidi kwa sababu mwinamo wenyewe umeshaacha uwazi. Ukiacha programu ipange yenyewe, 74 itaonekana kama namba mbili za barabara mbili.

Kisha usiiweke namba katikati kwa kubonyeza kitufe cha kupanga. Ngao inapungua kuelekea chini, kwa hiyo kitovu chake cha macho kiko juu ya kile cha rula. Pandisha namba kidogo kidogo hadi uwazi wa juu na wa chini uonekane sawa. Kila umbo lina kimo chake. Ukikipata kiandike na ukitumie kwenye kurasa zote nane.

Nami nisikuache uamini kuwa fonti mpya ni dawa. Fonti iitwayo Clearview iliruhusiwa kwa muda Marekani mwaka 2004 ikisifiwa kwa matundu yake mapana, ruhusa ikafutwa mwaka 2016, ikarudishwa mwaka 2018. Tena ruhusa ilihusu maandishi meupe juu ya rangi nzito tu. Wataalamu wenyewe walibishana miaka yote hiyo, kwa hiyo usitumie wiki nzima ukilinganisha fonti mbili ilhali namba yako ni ndogo.

Hatua ya 6: Rangi

Kwanza chora kwa nyeusi na nyeupe. Ikisomeka hapo, ongeza rangi. Halafu geuza mchoro wenye rangi uwe wa kijivu: namba na rangi ya chini yake zikikaribiana kwa kijivu, hazitasaidiwa na kuwa moja ni nyekundu na nyingine ni buluu. Nyekundu na buluu zilizokolea hukaribiana sana, na ndiyo maana ngao ya Interstate imetia mstari mweupe kati ya kilemba chake chekundu na mwili wa buluu, na namba yenyewe ni nyeupe.

Chini ya zile taa za sodiamu zinazotoa mwanga wa manjano mtupu, rangi hufa kabisa. Nyekundu, buluu na kijani zote huwa vivuli vya kahawia na weusi. Kumbuka pia kuwa kuna wanaume wengi wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani. Kwa sababu hizo mbili, rangi isiwe njia pekee ya kutambua kitu chochote kwenye kibao.

Florida iliwahi kuzipa ngao za barabara za US rangi tofauti kulingana na namba, kuanzia miaka ya 1950 hadi miaka ya 1990. Dereva alifuata rangi tangu makutano hadi makutano, na wapo wanaozikumbuka kwa mapenzi hadi leo. Ziliondolewa kwa kuwa hazikulingana na kanuni za taifa, ambazo zinataka nyeusi na nyeupe. Ukitaka kufufua wazo kama hilo, sawa, ila namba na umbo vijitegemee bila rangi.

Rangi mbili zinatosha. Tatu ni mwisho. Na ujue nyekundu hupauka juani mapema kuliko nyenzake, kwa hiyo usiipe kazi ya kubeba namba.

Hatua ya 7: Fikiria usiku

Vibao hutengenezwa kwa karatasi ya riflekta, yenye vijilulu vya kioo au viprismu vidogo vinavyorudisha mwanga wa taa za gari kule ulikotoka. Nyeupe inang'aa. Nyeusi hairudishi kitu. Matokeo yake ni mambo mawili yaliyo kinyume: tarakimu nyeupe juu ya rangi nzito huvimba kwa mng'ao, na tarakimu nyeusi juu ya nyeupe huliwa kingo na mng'ao unaozizunguka.

Jock Kinneir na Margaret Calvert, waliochora upya vibao vya Uingereza kati ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na miaka ya 1960, walilishughulikia hilo kwa kutengeneza fonti ya Transport kwa uzito wa aina mbili: mnene kwa maandishi meusi juu ya rangi nyepesi, na mwembamba zaidi kwa maandishi meupe juu ya rangi nzito. Ukivitazama vyote viwili usiku vinaonekana uzito mmoja. Fanya vivyo hivyo. Ikiwa kibao chako kina namba nyeupe, punguza unene kidogo na ongeza nafasi kati ya tarakimu. Ikiwa namba ni nyeusi, nenepesha.

Kujaribu ni rahisi: nakili sehemu zote nyeupe, zitie ukungu kiasi, na uziweke juu ya mchoro wako kwenye ile picha ya usiku. Ukungu ukifunga matundu ya 8, rudi hatua ya 5.

Hatua ya 8: Ukingo na ubao wa nyuma

Amua mapema kama umbo lako litakatwa lenyewe au litachapwa juu ya mraba. California hukata ngao yake ya US ikasimama peke yake, na inapendeza sana. Majimbo mengi huiweka juu ya mraba mweusi. Mraba una faida: ngao nyeupe juu ya anga nyeupe hupotea, lakini weusi unaoizunguka huishika. Tena bati la mraba hukatwa kirahisi kuliko la umbo.

Ukingo wa ndani usizidi unene wa mstari wa tarakimu. Ukizidi, jicho huenda ukingoni kwanza. Pembe za bati ziviringe.

Hatua ya 9: Tarakimu tatu

Hapa ndipo michoro mingi mizuri hufia. Marekani hupanua bati hadi inchi 30, karibu sentimita 76, urefu ukibaki ule ule. Wanaoanza huchukua ngao yao ya tarakimu mbili na kuivuta pande zote mbili. Usifanye hivyo. Ichore upya: mikunjo ya mabegani na ncha ya chini ibaki na ukali wake, kinachorefuka ni sehemu ya katikati tu. Ngao iliyovutwa huvimba mashavu.

Ukilazimika kubaki na mraba, tumia fonti nyembamba zaidi kwa urefu ule ule. Kupunguza urefu wa tarakimu kuwe suluhisho la mwisho kabisa.

Hatua ya 10: Vibao vidogo vya juu na chini

Kibao cha namba hakikai peke yake. Juu kuna cha mwelekeo, chini kuna cha mshale. Vichore kwa upana na rangi zinazokwenda na namba, kisha vipange vitatu kwa nguzo moja, na namba mbili au tatu tofauti kando kwa kando, kama pale barabara zenye namba tofauti zinapopita pamoja kwenye njia ile ile. Katika kibao cha mwelekeo cha Marekani herufi ya kwanza ya neno, mfano N ya NORTH, hukuzwa kidogo kuliko zinazofuata. Inaonekana jambo dogo, lakini NORTH na SOUTH zina urefu sawa na zote zinaishia na TH. Ile herufi ya kwanza ndiyo inayozitenganisha.

Hatua ya 11: Pima kwa karatasi

Chapa kibao kwa kipimo ambacho tarakimu zina urefu wa milimita 5. Kwa kipimo kile kile cha hatua ya 2, tarakimu hizo zinapaswa kusomeka kutoka mita 1.8. Hicho ni kiwango cha macho yenye nusu ya uwezo wa kawaida. Kama msomaji wako anaona vizuri, au amevaa miwani yake, msimamishe mita 3.6, la sivyo mtihani utakuwa mwepesi mno.

Bandika vibao nane ukutani kwa mchanganyiko, pamoja na vibao vya zamani. Mlete yule mtu uliyemficha. Afunge macho, afumbue kwa sekunde 2, afunge, aseme alichosoma. Andika makosa, hasa namba ipi aliisoma kama ipi. Usimsaidie na usimweleze maana ya mlima.

Mwisho, geuza maandishi yote kuwa maumbo ili fonti isibadilike kwenye kompyuta nyingine, na uhifadhi kwa SVG na PDF.

Mambo yakienda kombo

*Namba ni kubwa kwa rula lakini inaonekana ndogo.* Ukingo au nakshi vimekuwa vinene. Kondesha ukingo kabla hujagusa namba. Ikiwa bado, angalia kama kuna kitu cheusi kizito karibu na namba, kama kilemba au bango la jina.

*Namba inaonekana inateleza chini.* Umeipanga kwa kitufe. Rudi mwisho wa hatua ya 5.

*Kibao kinapotea kwenye picha ya miti.* Kijani juu ya kijani. Ongeza ukingo mweupe wa nje, au ukiweke juu ya mraba. Kubadilisha aina ya kijani hakusaidii.

*Mtu anasoma 68 kama 88 na fonti ni sahihi.* Angalia printa kwanza: wino ukienea kwenye karatasi nyepesi hufunga mianya ya milimita. Chapa kwa karatasi ngumu, au kuza mara mbili na uongeze umbali mara mbili.

*Namba 1 inaonekana imepotea katikati ya ngao.* Iache. Usiinenepeshe peke yake wala kuikuza. Dereva aliyezoea unene mmoja ataiona kama ya mfumo mwingine. Ikikukera sana, tumia fonti pana zaidi kwa tarakimu moja zote, kuanzia 1 hadi 9.

*Kinafanana mno na ngao ya Interstate.* Badilisha umbo, usibadilishe rangi tu. Ngao ile ni alama ya biashara iliyosajiliwa, na hata isingekuwa hivyo, ukivisimamisha viwili hivyo kwenye nguzo moja vitamchanganya dereva.

*Kila mtu anasema cha zamani kilikuwa kizuri zaidi.* Mazoea yana nguvu, na kumuuliza mtu kipi kizuri hakukupi jibu la kutumia. Warudishe ukutani, sekunde 2 kwa kila kibao, na uhesabu nani amesoma nini. Kama cha zamani kimeshinda kwa hesabu, kichukue namba yake, unene wake na nafasi zake, na uviweke ndani ya umbo lako jipya, kisha upime tena.